Mhubiri, Fungua Boneti Kwanza

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alisimama mbele yetu hapa Rongai, akawakazia macho vijana wa viti vya nyuma, akatangaza kwamba kijana anayeshusha gari, akalibadilisha ekzosi na kulipaka rangi ya kumeremeta, amepotea, na gari lake ni jeneza lenye magurudumu. Waumini wakajibu amina. Nilikasirika hadi sahani ya sadaka ikanipita.

Kabla sijaendelea, nazungumzia Rongai ya Nakuru, yenye mahindi na reli, si Ongata Rongai ya Kajiado. Nimechoka kupigiwa simu na watu wa Nairobi wakisema watanipitia jioni.

Dhana kwamba gari lililobadilishwa ndilo linaloua imeota mizizi. Polisi wa barabarani anaiamini, baba mkwe anaiamini, na sasa imepanda mimbarini. Basi niulize: nani amewahi kuuawa na rimu?

Salgaa si mbali, twendeni tukaulize huko. Kwenye mteremko wa Sachangwan, Migaa hadi Salgaa tumezika watu miaka nenda miaka rudi. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakaangamia. Kwa miaka tumelalamikia malori yanayoteremka hapo kwa gia huru ili dereva aokoe dizeli kidogo. Chanzo cha ajali kikitajwa, hutajwa breki, usingizi, mwendo. Spoila haijawahi kupandishwa kizimbani.

Hoja yangu ni moja, nami nitaipigilia hadi iingie: anayelibadilisha gari analijua. Kijana aliyeng'oa injini ya Toyota kuukuu na kutia nyingine yenye nguvu zaidi ameshika kila nati kwa mkono wake. Anajua shokabsoba zimechoka lini na brekipedi zimebaki unene gani. Gari la kuogopwa ni lile ambalo mwenyewe hajui lina nini chini ya boneti. Ibada ilipokwisha nilichungulia gari la mhubiri. Jeupe, safi, vilevile lilivyotoka kiwandani, na tairi la nyuma kipara kabisa. Nani sasa anaendesha jeneza?

Halafu hao waliosema amina walifikaje kanisani? Kwa matatu. Hiace nyingi huingia nchini kutoka Japani zikiwa gari za mizigo, zimetumika. Ni fundi wa jua kali anayekata bodi, akatia vioo, akachomelea fremu za viti 14 na kuchora ule mstari wa manjano. Mwaka wa 2004, marehemu John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, alipoamuru mikanda na vidhibiti mwendo, nani aliyevifunga? Mafundi wale wale. Ukiharamisha gari lililobadilishwa, shuka utembee.

Na tuache unafiki. Tangu Safari Rally irejee kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, waheshimiwa humiminika Naivasha na Soysambu kuvuta vumbi na kupiga picha. Yale magari ni nini kama si magari yaliyochokonolewa kuanzia sakafu hadi paa? Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa shujaa. Mwaka wa 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda mashindano hayo kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Leo tunamsifu. Angekuwa na miaka ishirini hapa Rongai, angeombewa.

Wala kubadilisha magari si ugonjwa wa Kenya pekee. Vijana wa California walinunua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi, wakatia injini za V8 na kwenda kuzikimbiza kwenye ziwa lililokauka la Muroc. Mwaka wa 1937 wakaunda chama, na mwaka wa 1948 likatoka jarida la Hot Rod. Leo ni biashara iliyoajiri watu. Sisi tumeajiri watu wa kukemea.

Serikali nayo ilijaribu. Mwaka wa 1986 Rais Moi, jirani yetu wa Kabarak, alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya. Yakaundwa matano ya Nyayo Pioneer, kiwanda kikasubiriwa, tukasubiri hadi tukasahau. Sikumbuki mimbari ikilia kwamba hizo ni pesa zilizotupwa. Lakini kijana akinunua ekzosi kwa jasho lake, mahubiri ya saa nzima.

Ati kelele! Hiyo ndiyo hoja yao kubwa, na inatoka kwa watu ambao Ijumaa hufunga spika nne juu ya paa la mabati na kukesha wakimfokea shetani hadi alfajiri. Ekzosi hupita mara moja ikaenda zake. Spika hiyo inajua hadi jina la mbwa wangu.

Kule Nairobi, tangu 1970, chama cha wenye magari ya Alfa Romeo huandaa Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Waamuzi hukagua injini na hata uvungu, na matajiri hupigiwa makofi. Hiyo huitwa utamaduni. Mtoto wa Rongai akifanya hivyo hivyo, ni uhuni.

Wakuu wa maonyesho ya kilimo ya Nakuru, mna nafasi ya ng'ombe, ya trekta na ya wauza sufuria. Tengeni kona moja kwa vijana hawa. Sharti liwe moja kwa kila anayeingia, awe kijana, mhubiri au mwenye malori ya Salgaa: afungue boneti, ainue gari, sote tuone uvungu. Najua ni nani hatafika.