Simu Yangu Nitaizima Mwenyewe

Vijana wenzangu, waandishi chipukizi, leo sina shairi. Nina ugomvi.

Siku ya Uchaguzi Mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Hapa Same tulibaki tunazitumbulia macho simu kama sahani tupu. Mambo yaliporudi, mshikaji mmoja pale kijiweni karibu na stendi akatoa hoja: “Sasa mnalalamika nini? Si mlipumzishwa na mitandao! Nyie waandishi mngemaliza vitabu.” Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwanza nikiri. Mitandao imenimaliza. Naanza hadithi saa mbili usiku, sentensi ya tatu simu inaita. Nikija kushtuka ni saa sita, nimetazama video za watu nisiowajua, na karatasi bado nyeupe. Daftari langu lina hadithi kumi na moja zilizoanzwa, iliyokwisha hakuna. Eti nami mwandishi!

Ndiyo maana siku hizi, Jumamosi jioni mpaka Jumapili jioni, simu inalala kabatini kwa mama. Mara ya kwanza mkono uliipapasa mfukoni kila dakika. Mara ya tatu nikamaliza hadithi.

Wazee wetu wa Kipare waliijua siri hii zamani. Huko milimani, kama Vudee, walichimba ndiva, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya kijito. Usiku ndiva inafungwa ijae. Asubuhi inafunguliwa, maji yanashuka mferejini, kila shamba kwa zamu yake. Usipoifunga, maji yatachuruzika usiku kucha na asubuhi hayatafika mbali. Kichwa cha mwandishi nacho ni hivyo hivyo.

Lakini angalieni: ndiva wanaifunga wenye mashamba, kwa makubaliano, na asubuhi wanaifungua wao. Akija mtu akaifunga bila kuwauliza, akaondoka zake, hapo hakuna aliyepumzika. Huo ni ukame wa kutengenezwa.

Siku zile sita sikuandika hata mstari. Habari za Dar es Salaam, kulikokuwa na amri ya kutotoka nje usiku, zilitufikia vipande vipande, kila kipande na chumvi yake. Kila mtu ana ndugu kule. Nani angetulia ashike kalamu? Ukimya wa hofu hauandiki kitabu, bwana.

Kwa hiyo nasema mawili, na msichukue moja mkaacha jingine. Zimeni simu, jamani, japo siku moja kwa wiki, muone mtakavyoandika. Na atakayewaambia kuzimiwa ni kupumzishwa, mkatalieni mchana kweupe. Aliyelala na aliyepigwa rungu wote wamefumba macho. Nani atasema wamepumzika sawa?

Jumamosi hii naizima tena. Kidole kitakuwa changu.