Umebadilisha Mlinzi, au Umebadilisha Jina Kwenye Daftari?

Najua nimekuwa kimya, vibarua vimenibana kweli. Leo nina jambo la mitambo, lakini msikimbie maana linagusa pesa zenu.

Kuna mshkaji wangu anaangalia mifumo ya kampuni moja (jina nalihifadhi, asije akakosa ugali). Kampuni hiyo ina programu ya simu inayotunza hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, vile vya akina mama wanaokutana kila Jumamosi. Mfumo wenyewe unakaa kwenye kompyuta za wingu za kukodi, ndani ya makontena. Bosi akatoa agizo kwamba programu ya ulinzi inayochunga makontena hayo ipandishwe kwenda toleo jipya. Jamaa akafanya, akaandika ripoti, bosi akasaini, maisha yakaendelea.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nimekaa naye, nikamwambia kwa udadisi tu, hebu tukague kontena moja moja. Yalikuwa 14. Yenye mlinzi mpya yalikuwa 3. Mengine 11 yalikuwa na mlinzi yule yule wa zamani, na ripoti iko kwenye faili inasema kazi imekamilika! Hatukuona dalili ya wizi, namshukuru Mungu. Ila jamaa alinyamaza muda mrefu, na mie nikarudi nyumbani nikiwaza: hivi ni ripoti ngapi za namna hii ziko kwenye makabati ya watu?

Mie ni mtu wa kidato cha nne, haya mambo nimeyaokota mtandaoni na kwa kukaa karibu na wanaojua. Wenye digrii zenu nisahihisheni pale nitakapoteleza.

Kwanza, kontena ni nini? Chukulia nyumba ya kupanga. Kila mpangaji ana chumba chake na kufuli lake, lakini msingi, paa na koridori ni vya wote. Makontena ndivyo yalivyo. Kila programu ina chumba chake, ila zote zinatumia kiini kimoja cha mfumo endeshi wa mashine. Mpangaji mhuni akipata upenyo wa kutoka chumbani kwake, yuko koridoni kwa watu wote.

Na upenyo huo unatokea kweli. Chini ya Docker na Kubernetes kuna programu ndogo inayoitwa runc, ndiyo inayowasha makontena. Novemba 2025 yalitangazwa matundu matatu ya runc kwa mkupuo, ambayo yangeweza kumsaidia mtu mwenye kontena lenye hila kutoka nje na kuigusa mashine yenyewe. Dawa ikatolewa kwenye matoleo 1.2.8 na 1.3.3. Haikuwa mara ya kwanza, kwani runc ilishapata balaa kama hilo Februari 2019 na tena Januari 2024. Ndo maana watu wanaweka mlinzi wa koridoni, programu inayoangalia kila kontena linafanya nini na kupiga kelele likifanya kisichoeleweka. Mbinu za wezi zinabadilika, kwa hiyo mlinzi naye lazima asasishwe.

Sasa turudi kwa mshkaji wangu. Kampuni yao inatumia Amazon ECS, ile huduma ya Amazon ya kuendesha makontena. Pale kuna karatasi ya maelekezo inayosema kontena liwe na nini ndani, pamoja na mlinzi wake. Ukitaka kubadilisha kitu huifuti karatasi, unaandika nyingine yenye namba mpya. Hapo ndipo wengi wanaponasa. Kuandika karatasi mpya hakugusi kontena hata moja lililokwisha kuwashwa. Yanayotembea yanaendelea kutembea na karatasi ya zamani mpaka uiambie huduma ianze kutumia namba mpya, ndipo izime ya zamani na kuwasha mapya. Jamaa alikuwa na huduma tatu. Moja aliizungusha yote mpaka mwisho, mbili akaishia kwenye karatasi. Kwenye daftari jina la mlinzi limebadilika, getini amekaa yule yule.

Ukitumia Fargate ndo kabisa. Huko mashine ya chini huioni wala huigusi, Amazon ndiyo inaishughulikia, kwa hiyo mlinzi wako hawezi kukaa koridoni. Inabidi umweke chumbani pamoja na kila programu. Vyumba mia, walinzi mia. Hata mlinzi wa Amazon wenyewe, GuardDuty, akiwashwa kwa ajili ya Fargate haingii kwenye kontena ambalo tayari linatembea. Lazima lizimwe, liwashwe upya.

Mtu atasema, basi dawa ni haraka, kila toleo jipya likitoka weka siku hiyo hiyo kila mahali. Taratibu ndugu yangu. Haraka nayo ina makaburi yake.

Desemba 2021 dunia nzima ya kompyuta ilikosa usingizi kwa sababu ya tundu la Log4Shell, lililokuwa ndani ya Log4j, kipande cha programu kinachotumika sana kwenye mifumo ya Java. Amazon wakatoa kiraka cha dharura ambacho kilikuwa kinapita kwenye mashine kutafuta programu za Java, zikiwemo zilizo ndani ya makontena, na kuzitibu bila kuzizima. Nia njema kabisa. Lakini watafiti wa Unit 42, kitengo cha kampuni ya Palo Alto Networks, wakagundua kasoro. Kiraka kile kilipoingia chumbani kiliita jina "java" ili kujua ni toleo gani, na aliyeitika alikuwa anafanya kazi kwa mamlaka makubwa ya mashine. Hakikuhakikisha kama aliyeitika ni Java kweli. Mhuni akiweka programu yake ndani ya kontena na kuipa jina "java", anaitwa, anaitika, anakabidhiwa funguo za nyumba nzima! Amazon walitoa viraka vilivyorekebishwa 19 Aprili 2022. Yaani aliyekimbilia dawa akajitibu Desemba na kusahau, alibaki na tundu jipya lililoletwa na dawa yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na 19 Julai 2024 wengi mnaikumbuka. CrowdStrike, kampuni ya ulinzi, ilituma faili la kusasisha programu yake kwenye kompyuta za Windows. Programu ilikuwa imeandaliwa kupokea vitu 20, faili likataka kitu cha 21. Faili lilirudishwa baada ya dakika 78, lakini Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 zimeshaanguka. Ndege zikalala viwanjani, hospitali zikaahirisha kazi. Hizo hazikuwa kontena, lakini somo ni lile lile. Mlinzi ana funguo zote, kwa hiyo akikosea anakosea nyumba nzima. Na kilichouma zaidi ni kwamba faili lilikwenda kwa wote kwa wakati mmoja.

Kwa mtazamo wangu, ubishi wa haraka au polepole unatupotezea muda. Swali la maana ni moja, je, kuna mtu anahesabu? Ukipandisha mlinzi, anza na kontena chache, ziangalie, ndipo uende kwa zilizobaki. ECS inaweza kuzungusha kidogo kidogo, na ina kitufe cha kujirudisha kwenye toleo la nyuma makontena mapya yakigoma kusimama. Lakini angalia kwanza kama kitufe hicho kimewashwa. Na hakikisha umeandika namba kamili ya toleo la mlinzi, maana neno "la karibuni" leo ni hili na kesho ni jingine. Kisha hesabu. Kazi imekwisha siku ile kontena la mwisho lenye mlinzi wa zamani limezimwa. Kabla ya hapo ripoti iseme "3 kati ya 14". Haipendezi kwa bosi lakini ni kweli.

Najua kuna wanaosema, si tumekodi wingu, Amazon watatulinda. Amazon wenyewe wanasema wazi kwamba ulinzi ni wa kugawana. Wao wanalinda jengo na mitambo, wewe unalinda ulichoweka ndani. Mlinzi uliyemleta mwenyewe ni wako. Na kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Siku zikivuja hutamwonyesha mtu karatasi yenye namba mpya ukasema nilikuwa nimeandika.

Mshkaji wangu alirudia kazi usiku ule ule. Alianza na mawili, akasubiri saa nzima, kisha yaliyobaki. Saa nane usiku tukahesabu: 14 kati ya 14. Asubuhi alikwenda kwa bosi akasema ukweli kwamba ripoti ya kwanza haikuwa sahihi. Nilidhani atafukuzwa. Bosi alimuuliza kitu kimoja tu, "Na ule mfumo mwingine, umehesabu?"

Hakuwa amehesabu.

Haya wadau, mnaofanya kazi kwenye mabenki, mahospitali na ofisi za serikali, hebu semeni. Kwenu mnahesabu, au mnasaini? Nawasilisha.