Rubani analaumiwa, mhandisi je?

Leo nina la kusema na nitalisema kwa ukali kidogo, mtanisamehe.

Kuna ndugu zetu huku Marekani, tena wasomi, bado wanasema zile Boeing 737 MAX mbili ziliangushwa na marubani wa "nchi maskini". Hata mbunge Sam Graves alidai Mei 2019 kuwa rubani aliyefundishwa Marekani angeimudu hali ile. Nakataa!

Ndani ya ndege ile kulikuwa na programu iitwayo MCAS, kazi yake kuishusha pua ya ndege bila rubani kugusa kitu. Ndege ina vihisi viwili vya kupima pua imeinuka kiasi gani, kimoja kila upande. Programu ikawa inasikiliza kimoja tu! Kikidanganya, pua inashushwa, rubani akiinua inashushwa tena... Na kwenye vitabu vya marubani haikuelezwa. Oktoba 29, 2018 Lion Air ikaanguka Indonesia, watu 189. Machi 10, 2019 ikafuata ya Ethiopia iliyokuwa inakwenda Nairobi, watu 157, Wakenya 32 wakiwemo. Marubani wale walizima swichi kama maelekezo yalivyosema, lakini kwa mwendo ule gurudumu la mkono likawashinda kuzungusha. Wakaziwasha tena. Sasa mlitaka wafanye nini jamani?

Mimi ni muuguzi. Mashine ikinipa namba ya ajabu nampima mgonjwa upya, na dawa za hatari tunahakiki wawili. Nikimuua mtu kwa uzembe, jina langu lipo kwenye chati na leseni naweza kuipoteza. Mhandisi wa kiwandani, majimbo mengi ya huku hayamdai leseni yake binafsi. Hana cha kunyang'anywa!

Najua mtaniambia mhandisi ni mwajiriwa tu, wakubwa ndio walitaka ndege isihitaji mafunzo ya simuleta ili iuzike haraka. Kweli kabisa, na wakubwa nao waulizwe. Lakini hata muuguzi ana mkubwa wake. Daktari akiandika dozi mbaya nami nikaichoma, "niliagizwa" hainiokoi.

Mtu pekee aliyeshtakiwa kwa jinai huku ni Mark Forkner, aliyekuwa rubani mkuu wa kiufundi wa ndege hiyo, akaachiwa Machi 2022. Utetezi wake? Kwamba wahandisi hawakumwambia MCAS imepanuliwa hadi kufanya kazi kwenye mwendo mdogo. Haya, na hao wahandisi je? Mwaka 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5, hela ya kampuni hiyo, hakuna aliyeingiza mkono mfukoni mwake.

Ninachodai ni hiki: kila programu inayoweza kushindana na mikono ya rubani iwe na saini ya mhandisi na namba ya leseni yake, na mhandisi huyo awe na haki ya kukataa kusaini bila kufukuzwa kazi.