Funga Mwongozo Huu kwa Dakika Kumi

Mwanafunzi wa kidato cha nne, kitabu ulichoshika ni mwongozo. Kimekuchambulia maudhui, kimekueleza sifa za wahusika, kimekupangia maswali na majibu. Sikilaumu, maana nami nina mkono humu. Hata hivyo, nina maoni ambayo mchapishaji huenda asiyafurahie sana: wengi wenu mnasoma kupita kiasi na kuandika kidogo mno. Unaweza kuusoma mwongozo huu mara tatu, ukaingia mtihanini ukiwa umeshiba hoja, na bado karatasi nyeupe ikakushinda.

Tuanze na hesabu. Katika Karatasi ya Kwanza, 102/1, una saa moja na dakika 45 za kuandika insha mbili: ile ya lazima, na nyingine moja utakayoichagua. Kila insha ina alama 20 na inatarajiwa kufikia maneno 400 hivi. Ukigawa muda sawasawa, kila insha inapata dakika 52. Toa muda wa kusoma swali, kupanga hoja na kupitia kazi mwishoni, unabakiwa na dakika 40 za kuandika. Hayo ni maneno kumi kila dakika, mfululizo, kwa kalamu, bila mtu wa kumuuliza na bila nafasi ya kunakili upya. Katika Karatasi ya Tatu mambo ni yale yale: saa mbili na nusu, maswali manne, alama 80. Mkono ambao huandika insha moja kila wiki mbili, tena kwa kusukumwa na mwalimu, hauwezi mwendo huo. Utachoka, na akili itachoka kabla yake.

Ukisahihisha kwa miaka mingi, unaitambua karatasi ya mtu aliyekwama hata kabla hujaisoma. Juu kuna mistari mitatu iliyokatwa. Chini yake mistari mingine miwili, nayo imekatwa. Halafu inakuja aya moja tamu ajabu, ya majogoo kuwika na umande kumetameta juu ya nyasi. Unafurahi, unasonga mbele, na ghafla Kiswahili kinaanza kuchechemea. Sentensi zinajirudia. Nomino zinapotezana na vivumishi vyake. Mtahini anajua kilichotokea: ile aya ilikaririwa, sasa imekwisha, na mwandishi ameachwa peke yake njiani. Mara nyingine umande huo unabandikwa kwenye insha ya ufisadi, au kwenye barua kwa mhariri! Na anayelazimisha insha aliyoikariri iwe jibu la swali lisilolingana nayo huwa amejitungia swali lake mwenyewe. Huyo huishia Kiwango cha D, umande na majogoo yake pamoja naye.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wenzangu kadhaa. Wao huamini kwamba mwanafunzi dhaifu asaidiwe kwa kupewa vifungu vya kukariri, walau apate mahali pa kuanzia. Nawaelewa. Darasa lina wanafunzi 60, mwalimu ni mmoja, na Novemba haimngoji mtu. Lakini kifungu cha kukariri hakitibu woga wa karatasi nyeupe. Kinauahirisha kwa aya moja tu. Dawa ya woga huo naijua moja: kuizoea karatasi nyeupe hadi isikutishe tena, na hilo halipatikani ila kwa kuiona kila siku.

Huku kwetu Magarini tuna walimu wa jambo hili ambao hawajawahi kushika chaki. Mtazame mgema. Hupanda mnazi asubuhi, hupanda jioni, na wengine hupanda adhuhuri pia. Kila apandapo hukata ncha ya karara kwa kotama yake, kipande chembamba kama ukucha, ndipo tembo litiririke. Hakati kipande kikubwa siku ya Jumamosi ili apumzike wiki nzima. Akifanya hivyo atalimaliza karara na hatapata kitu. Na akikosa kupanda siku kadhaa, lile jeraha hukauka, mnazi ukanyamaza. Ukipita chini yake utadhani mti umekufa, kumbe mizizi bado inavuta maji kama kawaida. Kilichokosekana ni ile mikato midogo ya kila siku. (Najua Yona wa Bembea ya Maisha angeufurahia mfano huu kupita kiasi. Mimi nazungumzia kotama, si kilichomo kibuyuni.)

Mwanafunzi akiniambia, "Mwalimu, mimi sina kipaji cha kuandika," huwa namuuliza mara ya mwisho alipoandika kitu ambacho hakuagizwa na mtu. Wengi hunyamaza. Karara limekauka, naye anausingizia mti.

Wala usifikiri waandishi unaowasoma walikuwa na wasaa kukushinda. Shaaban Robert alikuwa karani. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alifanya kazi katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake, kisha akahamishiwa idara nyingine. Mchana alijaza vitabu vya serikali. Vitabu vyake mwenyewe aliviandika katika muda uliobaki. Lakini jambo ninalotaka ulione zaidi ni barua. Alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, barua nyingi sana, na zile zilizohifadhiwa na kuchapishwa zinaanzia mwaka 1931 hadi 1958. Miaka 27! Katika barua mtu hana budi kueleza jambo likaeleweka, kwa mpangilio, kwa msomaji mmoja anayemjua. Sidhani ni bahati tu kwamba mtu aliyeandika barua kwa muda huo wote ndiye pia aliyetuachia nathari iliyo safi hivyo. Kalamu yake haikupata nafasi ya kukauka.

Karibu zaidi na kwetu, yupo Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi alichokiita Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972. Akiwa gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Sikutajii habari hizi ili ulie. Nakutajia kwa sababu kila mwaka mwanafunzi mmoja huniambia hana daftari la ziada.

Basi ninachokuomba ni hiki: dakika kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, nusu ukurasa. Ukianza mapema mwakani na kuendelea kwa wiki 30, utakuwa umeandika nusu kurasa 150, yaani kurasa 75, kwa jumla ya saa 25. Saa 25 ni chache kuliko zile utakazotumia mwaka huo huo ukingoja matatu Gongoni au Marereni. Ukikosa daftari, tumia migongo ya karatasi za mitihani ya zamani. Zimejaa ofisini mwa walimu. Omba utapewa.

Chagua saa isiyobadilika na uifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Kama unalala bweni, iwe mwanzo wa masomo ya usiku kabla hujafungua kitabu chochote. Kama ni mwanafunzi wa kutwa, na nyumbani kuna maji ya kuteka, wadogo wa kuangalia na taa moja ya sola inayogombaniwa na watu sita, usingoje usiku. Andika darasani asubuhi, kabla ya kengele. Ninao wanafunzi wa kutoka upande wa Marafa na Adu wanaotembea mbali kufika shuleni. Hao nawaambia watunge sentensi ya kwanza njiani, waibebe kichwani, waiweke kwenye karatasi wakishafika. Miguu husaidia sana kufikiri, jambo ambalo vitabu vya mbinu za insha havilisemi.

Tumia kalamu ya wino, kwa kuwa ndiyo ya mtihani. Andika tarehe. Usifute, na usirudi nyuma kusoma kabla dakika kumi hazijaisha. Hili la kutofuta ndilo gumu zaidi, na ndilo lenye manufaa zaidi. Mwanafunzi hukwama kwa sababu kichwani mwake mna watu wawili wanaozungumza kwa pamoja, mmoja anatunga na mwingine anasahihisha. Kabla mtungaji hajamaliza sentensi, msahihishaji amekwisha kuikata. Wape zamu. Siku tano ni za mtungaji. Jumapili ni ya msahihishaji: chukua kurasa za wiki, chagua sentensi tatu mbovu kuliko zote, uziandike upya. Tatu zinatosha.

Wapo walimu wanaohofu kwamba kuandika bila kusahihishwa kutakomaza makosa. Kuna ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana nikaweka Jumapili. Hata hivyo kosa lililoandikwa linaonekana na linaweza kurekebishwa. Lile ambalo halijaandikwa hujificha mpaka siku ya mtihani.

Na sisi wa Pwani tuna ugonjwa wetu wa pekee, niuseme waziwazi. Tunadhani Kiswahili ni chetu, kwa hiyo hatuna haja ya kukifanyia mazoezi. Ulimi wetu ni mwepesi kweli. Lakini mtahini hasikii ulimi, anasoma maandishi. "Ntakuja", "nshamwambia" na "yuwaja" vina ladha yake barazani, na katika mazungumzo ya wahusika vinaweza kukufaa sana. Vikiingia kwenye ripoti au kwenye hotuba rasmi vinakuwa makosa. Mtu anayeandika kila siku hujifunza kuzihisi lugha hizi mbili kama nguo mbili: ya nyumbani na ya shuleni. Asiyeandika huvaa zote kwa pamoja. Wenzetu wanaoanza na Kigiryama nyumbani nao wasijione nyuma. Mara nyingi wao ndio waangalifu zaidi wakishika kalamu.

Je, ukikaa na dakika zikaanza kwenda na hakuna kinachokuja? Itatokea, tena mara nyingi katika wiki mbili za mwanzo. Usianze na mwanzo. Ruka mistari minne, uanzie katikati, pale unapojua kitu. Kama swali ni la methali na unakijua kisa lakini hujui utangulizi, andika kisa. Utangulizi utakuja ukiwa umepata moto, na ile mistari minne inakungoja. Hata mtihanini unaweza kufanya hivyo, mradi uache nafasi ya kutosha. Ikishindikana kabisa, andika unachokiona kwa macho yako: rundo la chumvi kando ya barabara, jinsi linavyong'aa saa saba mchana, na mtu anayelipakia kwenye lori akiwa amejifunga kitambaa usoni. Andika rangi, andika kelele, andika anacholipwa kama unakijua. Insha nyingi za ajira kwa vijana zinazonifikia zimejaa maneno "ukosefu wa ajira ni donda ndugu", na hazina hata kijana mmoja ndani yake. Wewe wa Magarini unawajua kumi kwa majina.

Vitabu teule navyo vikufae, lakini usivifupishe. Muhtasari umo humu tayari, umeshafanyiwa kazi hiyo. Fanya lile ambalo mwongozo hauwezi kukufanyia, yaani kutoa hukumu na kuitetea. Mangwasha wa Nguu za Jadi unamwona jasiri, au ulimwona hivyo kwa sababu mwongozo ulisema? Andika tukio moja lililokushawishi. Ukikosa hata moja, umegundua kwamba hujakisoma kitabu. Maswali ya Karatasi ya Tatu yanayosema "jadili" na "thibitisha" hayataki orodha yangu ya sifa. Yanataka mtu aliyekwisha kujibishana na kitabu peke yake, kwa maandishi, miezi kadhaa kabla.

Nusu ukurasa wako wa leo ni huu. Jifanye mmoja wa binti zake Yona na Sara, umwandikie baba yako barua kuhusu pombe na kuhusu afya ya mama. Usimtukane, wala usimsamehe haraka. Anza na jambo moja dogo ulilowahi kumwona akilifanya. Saa inaanza sasa.