Maji Yanarudishwa Mita Ngapi?

UKINGONI MWA KIVU
Na Zaituni Mukamana

Ukiteremka kutoka Nengo, hapa Gisenyi, hadi ufukweni saa kumi na mbili asubuhi, utawakuta akina mama wameshawahi. Ndoo zimepangwa mchangani, macho yote yako majini. Mitumbwi inarudi mitatu mitatu, imefungwa pamoja, miti mirefu ya kushikia nyavu imechomoza mbele na nyuma kama pembe, na wavuvi wanapiga kasia huku wakiimba. Juma lililopita nilisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa akikagua sambaza kiganjani. Samaki wenyewe hawazidi urefu wa kidole. Alimminya mmoja tumbo kwa kidole gumba, akamnusa, akamrudisha, akachukua mwingine. Ndipo wakaanza kuzungumza bei.

Sambaza si mwenyeji wa ziwa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni kitoweo cha Gisenyi, upande wa Rwanda, na cha Goma, upande wa Kongo. Anaishi sehemu ya juu tu ya ziwa, kwa kuwa ukishuka mita sitini na kitu hakuna oksijeni tena. Kivu lina kina cha mita 485. Basi wavuvi wale, na ndoo zile, na chakula cha watoto wetu, vyote vinategemea utando mwembamba wa maji uliofunika jambo kubwa zaidi.

Jambo hilo ni gesi. Huko chini zimeyeyuka mita za ujazo bilioni 60 hivi za methani, na za hewa ya ukaa bilioni 300. Hazipandi kwa sababu maji ya vilindini ni mazito, yana chumvi nyingi, na yale ya juu yanayakandamiza. Sisi wa huku hatuhitaji profesa wa kutueleza hewa ya ukaa inaua vipi. Tuna neno letu, mazuku, la ile hewa nzito inayotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo ya lava, ambayo mbuzi akiinama humo kula majani hainuki tena. Wazee walitukataza kushuka mabondeni alfajiri, upepo ukiwa haujaamka. Na kule Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos, ambalo mbele ya Kivu ni kama dimbwi, lilifoka hewa hiyohiyo na kuua watu wapatao 1,700, wengi wao wakiwa wamelala.

Kwa hiyo sipingi methani kuchimbwa. Imechimbwa hapa wilayani kwetu Rubavu tangu miaka ya 1960, ilipoanza kutumika kwenye kiwanda cha bia. Mtambo wa KivuWatt wa Karongi, uliozinduliwa 2016, inatoa megawati 26. Hapa kwetu mtambo wa Shema Power ulijengwa kwa megawati 56. Gesi inayotolewa kwa uangalifu hupunguza mzigo tulioukalia, na umeme tunauhitaji. Wasiwasi wangu uko kwenye maji.

Mtambo hauvuti gesi peke yake, unavuta maji ya vilindini. Bomba linashuka mita mia tatu na zaidi; maji yakianza kupanda, kanieneo hupungua, na gesi hutoka yenyewe ikitoa povu, kama soda iliyofunguliwa, na povu hilo ndilo linaloendelea kuyapandisha maji. Methani husafishwa na kupelekwa nchi kavu. Kisha yanabaki maji yaliyokwisha kazi, mengi mno, na lazima yarudi mahali fulani.

Yarudi wapi? Yakiachiwa karibu na juu, yatakuja na sulfidi na fosforasi iliyolala vilindini karne kwa karne: mwani utastawi, oksijeni itapungua, na sambaza ndiye atakayelipa. Yakirudishwa chini sana, yatachanganyika na maji ambayo bado yana gesi, na gesi hiyo itapungua nguvu kabla ya kuchimbwa, jambo ambalo mwekezaji halipendi. Yakirudishwa ovyo katikati, yanaweza kudhoofisha lile tabaka la kina cha mita 250 na ushei ambalo ndilo mfuniko wa chungu chote. Wataalamu wamebishana juu ya mita hizi kwa miaka. Mwaka 2009 yaliandikwa masharti ya uchimbaji, na msingi wake ni huu: usalama wa watu kwanza, matabaka yasivurugwe, maji ya juu yasichafuliwe.

Zamani tulitishwa kwamba methani inaongezeka kwa kasi. Vipimo vya mwaka 2018 vilionyesha kuwa haijaongezeka kwa kiasi cha kushikika tangu vile vya 1974. Habari njema kama hiyo ilistahili kupigiwa ngoma ufukweni, lakini wavuvi niliowauliza hawakuwa wameisikia. Siku moja harusini nilikaa meza moja na mhandisi anayeyajua mambo haya. Nikamuuliza maji yanarudishwa mita ngapi. Akanijibu kwa upole kabisa: «Mama, hayo waachie wataalamu.» Upole wake haukunipunguzia uchungu. Wataalamu wanapima, naam, na wanapima vizuri. REMA, mamlaka ya mazingira ya Rwanda, ina programu nzima ya kufuatilia ziwa. Lakini anayekunywa maji haya, anayeyavua na kulala kando yake, ana haki ya kuijua namba.

Na ziwa halijui mpaka. Kongo nayo ilitangaza mwaka 2022 vitalu vyake vitatu vya gesi humuhumu Kivu. Bomba likikosewa upande mmoja, maji hayatasimama kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière kuonyesha kitambulisho. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma kuambiwa wahame kwa hofu kwamba moto wa mlima umefika chini ya ziwa, maelfu waliingia Gisenyi na magodoro kichwani. Tuliwapokea, huku nyumba zetu wenyewe zikipasuka kwa matetemeko. Siku zile nilimsikia kila mtu akiuliza habari za gesi, na jirani akimjibu jirani kwa uvumi.

Ninachoomba hakigharimu hata mfuko wa saruji. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, ukiisha, tunakaa kwenye mkutano na kiongozi wa akagari, yaani wa mtaa wetu, anatusomea habari za bima ya afya, usafi na shule. Aongezewe karatasi moja: maji ya mitambo yamerudishwa kina gani, tabaka kuu liko palepale au limesogea, oksijeni ya juu imefika mita ngapi. Isomwe Nengo, isomwe Rubona na Karongi, na nakala ivuke ikasomwe Goma kwa Kiswahili, lugha ambayo muuza sambaza wa pande zote mbili anaielewa.

Jumamosi ijayo ya umuganda nitafika mapema na jembe langu. Mkutano ukifunguliwa kwa maswali, nitanyoosha mkono.