Mwenzako Akienda Hija Yake, Mshonee Gauni



Swali la leo limetufikia mara nyingi mwaka huu, tena kwa sauti ya ukali: fundi wa Kiislamu anafaa kushona nguo za Wakristo wanaokwenda kuhiji? Jibu letu ni ndiyo, kwa mipaka yake. Tunalisema hili hasa kwa ajili ya nyinyi mnaoposwa na kwenda kuishi bara, maana huko utakaa ukuta kwa ukuta na wasiokuwa wa dini yako. Pengine hata wifi yako atakuwa mmoja wao.

Sisi ni wanawake wanne wa cherehani. Watatu tupo Unguja, tunashona mashela, mabaibui na magauni ya maharusi. Mwenzetu wa nne aliolewa Puge, wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, kwenye barabara ya Nzega kwenda Tabora mjini, akafungua fremu yake huko. Vitambaa tunanunua pamoja, na kazi zikizidi tunasaidiana.

Puge ina Waislamu na ina Wakristo. Ndala hapo jirani kuna misheni ya zamani ya Mapadre Weupe na hospitali yake. Ikikaribia Juni, wanawake wa jumuiya huleta vitenge vya sare, wajiandae kwenda Namugongo, Uganda. Ni safari ya kupitia Kahama na Biharamulo hadi Bukoba, uvuke mpaka Mutukula, ndipo uitafute Kampala. Wanakwenda kuwakumbuka vijana wa Buganda waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, wengi wao wakichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Wakatoliki 22 kati yao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, na Waanglikana nao wana mashahidi wao wanaowakumbuka hapo hapo.

Mwaka huu bibi harusi mmoja aliviona vitenge hivyo vimetundikwa karibu na shela lake, akataka arubuni yake. Alisema tunachanganya dini. Tulimrudishia fedha zake zote, na hatukugombana naye. Lakini maneno yale yalienea, na wateja wengine wawili wakafuata. Kwa hiyo hili si jambo la nadharia kwetu. Limegusa mfuko, na limegusa jina letu.

Tulikwenda kwa ustadhi kabla ya kuipokea kazi ile, maana sisi si mashekhe. Alitutenganishia mambo mawili. Nguo ya mtu kuvaa akajisitiri, iwe gauni, sketi au shali ya baridi, ni nguo tu. Kitu cha ibada yenyewe, kama kudarizi msalaba au kushona vazi la padri la kuendeshea misa, hicho tukiache, na tukikatae kwa adabu. Mwenye shekhe aliyemwambia vingine amfuate shekhe wake. Sisi tumeushika mstari huo, na wateja wetu wa Puge wanaujua na wanauheshimu.

Tena hatuoni kwamba wema huu ni wa kubuni. Sura ya Al-Mumtahina, aya ya 8, inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Bibi Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake ambaye hakuwa Mwislamu, akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amuunge. Akaambiwa amuunge. Na Waislamu wa mwanzo waliponyanyaswa Makka, mwaka 615, walikimbilia Habasha kwa mfalme Mkristo, Najashi. Bibi Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa miongoni mwao pamoja na mumewe Uthman. Mwanamke yule alipata hifadhi katika nchi ya Wakristo na dini yake haikupungua hata chembe.

Tazameni na Quds. Wakristo wa dunia nzima wanakwenda kuhiji katika Kanisa la Kaburi Takatifu, na kwa karne nyingi ufunguo na mlango wa kanisa hilo viko mikononi mwa familia mbili za Kiislamu, Joudeh na Nuseibeh. Mwislamu anafungua mlango, Mkristo anaingia kusali. Hakuna aliyesema wale wamebadili dini kwa kushika ufunguo. Basi na sindano yetu ihesabiwe hivyo hivyo.

Kuna na jambo ambalo wengi wetu visiwani hatulijui. Namugongo hiyo hiyo ina damu ya Waislamu. Katika miaka ya 1870, kabla ya wale vijana wa Kikristo, Waislamu wa Buganda waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, baba yake Mwanga. Moja ya makosa yao ni kukataa kula nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu. Leo msikiti upo huko wa kuwakumbuka. Na Uislamu huo ulifika Buganda kwa wafanyabiashara waliotoka pwani yetu, wakapita Tabora na kupanda kaskazini. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki nao, mwaka 1878, waliondoka Bagamoyo na kupita Tabora kuelekea ziwani. Njia ya misafara ilibeba dini zote mbili. Mama wa Puge akirudi Namugongo na habari, muulize na habari za mashahidi wetu.

Wao nao wanakuja kwetu. Wapo Wakristo wanaofuata nyayo za David Livingstone kuanzia Ujiji, Kwihara karibu na Tabora, Bagamoyo, mpaka Kanisa Kuu la Mkunazini hapa mjini Unguja, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Humo wanaoneshwa msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo, ulikozikwa moyo wake. Wengi hawaoneshwi habari za Halima. Halima alikuwa mpishi wa Livingstone. Bwana yule alipofariki mwaka 1873, watu wake, akina Susi na Chuma, waliubeba mwili, wakapita Unyanyembe, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Horace Waller, aliyezihariri shajara za Livingstone, aliandika kwamba Halima aliufuata mwili ule mpaka Zanzibar, na kwamba utumishi wake wa muda mrefu haukupata malipo.

Kila tukipita Mkunazini tunamkumbuka. Mwanamke amepika na ametembea miezi kwa miezi, na jina lake halimo vinywani mwa watu. Ndiyo maana tunawaambia mafundi wenzetu: shona kwa wema, lakini andika bei yako, pokea arubuni, na udai kilichobaki siku ya kukabidhi. Wema kwa jirani haukuondolei haki ya jasho lako.

Sasa maharusi, haya ni yenu. Jirani au wifi akikwambia anakwenda kuhiji, usimkatize kwa kusema hija ni Makka tu. Hija yako unaijua, nguzo zake unazijua, na neno la Kiswahili akilitumia yeye halikupunguzii kitu. Mwambie safari njema. Mpikie vitu vya kukaa njiani: visheti, maandazi makavu, karanga za kukaanga. Mwangalizie watoto na kuku wake. Yote haya ni ujirani, wala hayakuingizi kanisani. Akikualika kwenye misa ya kuagwa, mshukuru, mwambie utamsubiri kituoni kwenye basi. Anayekupenda ataelewa.

Na kama una cherehani, mshonee nguo ya safari kweli kweli. Gauni liwe refu lakini upindo usiburure, liishie kifundoni ili asijikwae. Kitambaa kiwe cha pamba, mikono mirefu na mipana, mshono upigwe mara mbili pale pembeni panapovutwa na hatua. Weka mfuko wa ndani wenye zipu, wa kutosha pasipoti na fedha. Mwisho mfungashie kanga moja ya kujifunika usiku. Ukilitazama gauni hilo utaona halitofautiani sana na tunalomshonea bibi yetu anayekwenda Umra. Sitara ni sitara.

Bibi harusi yule tunamwombea ndoa ya kheri. Tumesikia kwamba anahamia bara kwa mumewe. Atakapougua usiku na mumewe yuko safari, atakayemgongea mlango na kikombe cha uji huenda ni mama mwenye rozari shingoni. Tunataka siku hiyo amfungulie bila wasiwasi, naye aende akimhitaji.

Sisi sare za Juni ijayo tutashona. Inshaallah na mashela yenu pia.

Maasalama.