Akili yako inapimwa kwa lugha ya nani?

Wasee, cheki hii. Nakupa sekunde 30, nitajie maneno yote unayojua yanaanza na K. Kula, kulala, kuimba, kukopa... Ushaona? Kwa Kiswahili hiyo ni kama kuokota pesa chini, juu kila kitenzi unakitia ku- mbele na maisha inaendelea. Sasa mpe Mfaransa hiyo K. Atasema kilo, kiosque, halafu ataanza kuangalia dari.

Je, Mfaransa ni mgonjwa? Hapana, ni herufi tu imemkataa.

Nasema hivi kwa sababu kuna kipimo kifupi kinaitwa SCIP, cha Scot Purdon wa Kanada, cha watu wanaotibiwa magonjwa ya akili. Ni kama dakika 15, karatasi, penseli na saa. Unasomewa orodha ya maneno uyarudie, unashika herufi kichwani huku ukihesabu kurudi nyuma, unataja maneno ya herufi fulani, halafu baadaye unaulizwa tena ile orodha ya kwanza. Hakikupi jina la ugonjwa. Kinamwambia daktari tu: huyu mwangalie zaidi.

Wagonjwa wa Kifaransa nao walikihitaji, na utasikia mtu akisema, si mtafsiri tu? Zii. Kiazi kwa Kiingereza ni neno moja, kwa Kifaransa ni pomme de terre, maneno matatu. Ukiliweka kwenye orodha ya kukariri, mmoja anabeba gunia na mwingine mkoba, halafu unawapa alama kwa mizani moja. Ndiyo maana toleo la Kifaransa lilibidi lijaribiwe upya, na matokeo yakachapishwa 2016.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tano na hakuna kitu inabaki. Wakasema uvivu, na auntie mmoja akasema nimerogwa (bado ananitumia maombi kwa WhatsApp). Depresheni huiba kumbukumbu na umakini, na bipola na skizofrenia pia, lakini hakuna mtu alinipima. Na venye naona sasa, kama ningepimwa na kipimo kisichojua lugha yangu, ningeambiwa ni mjinga kwa karatasi yenye muhuri. Sijui gani ni mbaya zaidi.

Halafu Kifaransa chenyewe si kimoja. Dîner kule Quebec ni chakula cha mchana, Paris ni cha jioni. Nenda Lubumbashi, watu wanabishana bei sokoni kwa Kiswahili, lakini shule na ofisi ni Kifaransa. Huyo mtu akisomewa orodha ya Kifaransa iliyopangwa Montreal, akose maneno manne, daktari ataandika nini kwa faili yake?